Kito cha Rangi ya Chungwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Masasi na Newala

Wenye kusema: MWALIMU, MAMA, mwanafunzi wa Newala, MZEE, mwanafunzi wa Masasi aliyepata kufanya kazi machimboni Tunduru.

Kila darasa liwe na karatasi nyeupe, kikombe cheupe chenye maji, tochi, na kitabu cha kusomea.

MWALIMU: Nawasalimu ninyi nyote mliokwisha kukaa darasani, mlioko Masasi karibu na milima ya mawe, na mlioko juu Newala. Fuateni kwa macho katika karatasi hii wakati mimi nasema. Mahali patakapowashinda, msimamizi wa darasa atawasomea tena.

Somo letu leo ni kito. Najua wengine watauliza, sisi wakulima tuna haja gani na vito? Basi sikilizeni. Mwanafunzi mmoja wa Newala aliuza korosho zake mnadani, akapata fedha yake, akaenda Masasi kumtafutia binti yake kito cha pete ya arusi. Kijana mmoja akamwonyesha jiwe zuri la rangi ya chungwa, akamwambia ni topazi. Mama akalipa nusu ya bei. Kwa kuwa kijana yule anafahamiana na shemeji yake, alimwachia kito aende nacho nyumbani. Nusu ya pili italipwa Jumamosi hii. Mama huyo yuko hapa pamoja nami. Karibu, mama.

MAMA: Ahsante, mwalimu. Hamjambo, wenzangu?

MWALIMU: Umekwisha toa kiasi gani?

MAMA: Kwa hesabu yangu ni fedha ya magunia mawili ya korosho. Mawili mengine yanangoja Jumamosi.

MZEE: Magunia manne kwa jiwe moja, mwanangu!

MAMA: Ndiyo, baba. Ndiyo maana nimekuja.

MWALIMU: Umefanya vema kuja kabla ya Jumamosi. Tutakipima kito hiki mbele ya wasikilizaji, hatua kwa hatua, nao watajua la kufanya siku yao.

Lakini kwanza tujue jamaa za mawe. Katika milima ile ya miamba ya Masasi huonekana michirizi ya jiwe jeupe, gumu, kama chumvi ya mawe. Jiwe hilo huitwa kwatzi. Newala haina miamba ya namna ile. Nchi yake ya juu ni udongo na mchanga uliolala tabaka juu ya tabaka, na maji huzama mbali chini, jambo ambalo kina mama wenye kubeba ndoo hawahitaji kufundishwa. Hata hivyo chembe nyingi za mchanga ule ni kwatzi vile vile. Kwatzi ikiwa safi haina rangi, ni kama maji. Ikiwa na chuma kidogo sana ndani yake huweza kuwa zambarau, nayo huitwa amethisto, jina ambalo wasomaji wa Biblia wamelikuta katika Ufunuo. Au huweza kuwa njano, mpaka kufikia rangi ya chungwa, nayo huitwa sitrini. Jina hili linatokana na neno la Kifaransa la limau.

Basi sitrini ni ndugu wa mchanga wa Newala. Msicheke, maana jambo hili lina faida kubwa kwa mnunuzi. Kwatzi ni nyingi duniani, na sitrini kubwa iliyo safi hupatikana bila taabu. Nyingi hutoka Brazili, hasa katika jimbo la Rio Grande do Sul. Mwenye kuuza yakuti nyekundu huweza kukuambia, "Lina doa, lakini hutapata jingine." Mwenye kuuza sitrini hawezi kusema hivyo. Jingine lipo. Kwa hiyo katika sitrini usisamehe kosa, wala usilipe bei ya jiwe adimu.

MZEE: Mwalimu, machimboni tulisikia kwamba mawe hupikwa ili yapate rangi. Je, ni kweli?

MWALIMU: Ni kweli, mzee wangu. Sitrini nyingi iliyoko sokoni ilikuwa amethisto ilipotoka ardhini. Hutiwa katika tanuru, joto la nyuzi 400 za sentigredi na zaidi, na zambarau hugeuka njano au rangi ya chungwa. Rangi hiyo haitoki kwa kuoshwa, na biashara ya vito duniani imeikubali. Sitrini isiyopikwa ni chache, na mara nyingi rangi yake ni njano hafifu. Ukiona jiwe la rangi ya chungwa iliyokolea, lenye wekundu kidogo, dhani kwamba limepikwa. Hilo si kosa la jiwe. Kosa ni la muuzaji akisema halikupikwa ili apandishe bei.

Haya, tuanze. Mama, toa kito chako.

MAMA: Hiki hapa.

MWALIMU: Ni kizuri kutazama. Kwa wasikilizaji wasiokiona: kina umbo la yai, upana wake kama ukucha wa kidole cha mkono, na kimekatwa nyuso ndogo ndogo nyingi. Tupeane maneno ya kazi. Kila ubapa mdogo uliosuguliwa tutauita uso. Uso ule mkubwa wa juu huitwa meza. Sehemu ya chini iliyochongoka tutaiita tumbo.

Ulikinunua saa ngapi?

MAMA: Jioni. Taa ilikuwa imekwisha washwa, ya manjano.

MWALIMU: Hapo kosa la kwanza, nalo si lako peke yako. Mwanga wa taa ya manjano, na wa mshumaa pia, hulipamba jiwe la rangi ya chungwa. Jiwe lililopauka huonekana limeiva. Rangi ya kito hutazamwa mchana, kivulini, si juani kabisa, kikiwa juu ya karatasi nyeupe. Kama muuzaji amekiweka juu ya karatasi ya njano au ya kung'aa, kiondoe hapo. Na kama pete imezibwa nyuma, uwe na shaka. Pengine kuna karatasi ya kung'aa chini ya jiwe.

Sasa twende dirishani. Darasa, fikirini mabibo. Liko bibo la njano lililopauka. Liko lililoiva likawa rangi ya chungwa yenye wekundu. Na liko lililoanza kuoza, limeingia rangi ya kahawia. Katika sitrini watu wengi hupenda ile ya katikati, ya chungwa iliyokolea yenye wekundu. Wafanya biashara huiita Madeira, kwa jina la mvinyo wa kisiwa cha Madeira. Kinachoshusha bei ni kupauka, na zaidi ule ukahawia kama chai iliyolala. Mama, unaonaje mwenyewe?

MAMA: Hapa dirishani rangi imepungua kidogo. Lakini ni chungwa. Si kahawia.

MWALIMU: Nami naona hivyo. Rangi ni nzuri. Sasa kitie katika kikombe cheupe chenye maji, ukitazame kwa ubavu. Majini ule mng'aro wa nje hupungua, na ndani huonekana vizuri. Tunatafuta rangi iliyojitenga: upande huu imekolea, upande ule kama maji, au mistari kama ya khanga. Kwatzi hupenda kukua hivyo, na fundi mzuri huligeuza jiwe ili mistari isionekane juu.

MAMA: Upande mmoja umepauka, kwenye ncha.

MWALIMU: Lakini ukikitazama kwa juu hauonekani. Fundi amejua kazi yake hapo. Mzee, wewe una lenzi. Tazama ndani.

MZEE: Naona mstari mwembamba kama unywele, karibu na ukingo. Haufiki nje.

MWALIMU: Tazama mara mbili kama haufiki nje, kwa sababu ufa unaofika usoni ndio hatari. Siku pete itakapogonga mchi au mlango, jiwe hupasukia hapo. Ufa wa namna hiyo pengine hukwama ukipitisha ukucha juu yake.

MZEE: Haufiki.

MWALIMU: Vema. Lenzi yako hukuza mara 10, na kwa macho matupu mimi sioni kitu. Katika sitrini hicho ndicho kipimo: jiwe liwe safi kwa macho matupu. Zumaridi husamehewa nyufa zake. Sitrini haisamehewi, kwa sababu niliyokwisha kusema.

Sasa nakuja penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili, maana linataka mtu ajuaye kusoma. Fungueni vitabu vyenu vya kusomea, ukurasa wowote. Mama, kausha kito, kishike kwa vidole, meza ikitazama juu na ncha ya tumbo ikigusa maandishi. Tazama kutoka juu moja kwa moja, katikati ya meza. Unaona nini?

MAMA: Naona herufi. Naona b... na a. Ba.

MWALIMU: Unasoma?

MAMA: Nasoma, mwalimu. "Ba." Ni "baba." Pembeni sioni maandishi, naona mng'aro tu.

MWALIMU: Ndugu wasikilizaji, katika kito kilichokatwa sawasawa mama asingeweza kusoma neno lile. Nitawaeleza sababu. Nuru huingia kwa juu, ikagonga nyuso za tumbo. Kama nyuso zile zimeinama kwa kadiri ipasayo, nuru hurudi kama mpira uliogonga ukuta, ikatoka juu machoni mwako. Hiyo ndiyo inayofanya kito kiwake. Nyuso zikiwa bapa mno, nuru hupita moja kwa moja mpaka chini, nawe unaona kilichopo chini: herufi, au ngozi ya kidole chako pete ikiwa mkononi. Mahali hapo huitwa dirisha. Kwa kwatzi mwinamo wa nyuso kubwa za tumbo lazima uzidi nyuzi 40. Mafundi wengi hukata kama 42 au 43.

Kwa nini basi fundi akate bapa? Mara nyingi ni kwa sababu jiwe ghafi lilikuwa bapa, naye hakutaka kupoteza upana. Liko pia kosa la kinyume chake. Fundi huacha tumbo kubwa mno ili jiwe liwe zito, kwa kuwa vito huuzwa kwa uzito. Jiwe la namna hiyo huwa na giza katikati, na tumbo hufichwa ndani ya pete. Unalipia karati usizoziona. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Yaani karati 5 ni gramu 1.

Dirisha la kito cha mama si kubwa. Ni kama theluthi ya upana. Pembeni kinawaka vizuri. Meza iko katikati, na mistari ya nyuso inakutana penye ncha, haikupishana. Mimi ningesema ukataji ni wa wastani. Fundi angeweza kukikata upya akaondoa dirisha, lakini uzito utapungua, na kwa jiwe la namna hii sijui kama gharama ile inafaa.

MZEE: Mwalimu, hatujauliza kama si chupa.

MWALIMU: Haya, mzee, hilo ni lako. Tueleze.

MZEE: Sisi tukiita chupa, maana yetu ni kioo kilichotiwa rangi kikakatwa kama kito. Mimi hutazama mambo matatu. La kwanza, ndani yake kwa lenzi: chupa mara nyingi ina viputo vya mviringo, au mawimbi kama ya asali inayomiminwa. La pili, kingo za nyuso. Za chupa zilizovaliwa huwa butu, zimelika. La tatu, ninaligusisha mdomoni. Kwatzi ni baridi, na ubaridi wake hukaa. Chupa hupata joto upesi. Lakini jiwe liachwe kwanza mezani, lisitoke mkononi mwa mtu.

MWALIMU: Kwa nini kingo za chupa hulika?

MZEE: Kwa sababu ya vumbi.

MWALIMU: Naam. Vumbi letu lina chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kupita kioo. Katika kipimo cha ugumu cha mtu mmoja aitwaye Mohs, kinachokwenda 1 mpaka 10, kwatzi ni 7, kioo ni kama 5 na nusu. Kila ukifuta pete ya chupa kwa kitambaa kikavu, unaisugua kwa mchanga wa Newala. Ila nawaonya, msijaribu kukwaruza kito kilichokwisha katwa ili kujua ugumu wake. Mtakiharibu, na mwenye nacho atawadai.

MZEE: Hiki si chupa. Kingo ni kali, viputo hakuna, na baridi ipo.

MWALIMU: Ni jiwe, basi. Lakini ni topazi au ni sitrini? Kwa rangi hamtajua. Topazi ya rangi ya chungwa ipo, na ni adimu; bei yake hupita ya sitrini mara nyingi sana. Tutatumia mizani ya sonara, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na kikombe kidogo cha maji.

Kwanza napima kito kikavu. Gramu 1.00. Sasa naweka kikombe cha maji juu ya mizani, naurudisha mshale kwenye sifuri. Nakifunga kito kwa uzi mwembamba, nakishusha majini mpaka kizame chote, lakini kisiguse chini wala ubavuni. Mizani inasoma nini, mama?

MAMA: Sifuri, nukta, tatu, nane.

MWALIMU: 0.38. Huo ni uzito wa maji ambayo nafasi yake imechukuliwa na kito. Sasa tugawe: 1.00 kwa 0.38. Darasa, fanyeni hesabu. Mnapata kama 2.63. Maana yake kito hiki ni kizito kuliko maji ya kiasi hicho mara 2.63. Kwatzi ni 2.65. Topazi ni kama 3.5. Kama kito hiki kingekuwa topazi, mizani ingesoma 0.28 au 0.29. Haisomi hivyo.

MAMA: Kwa hiyo si topazi.

MWALIMU: Si topazi, mama. Ni sitrini.

MAMA: Na yule kijana?

MWALIMU: Tusimhukumu upesi. Kwa miaka mingi wafanya biashara wa nchi nyingi wameiita sitrini topazi ya namna hii au ile, na huenda yeye mwenyewe aliuziwa kwa jina hilo. Lakini bei aliyokutajia ni bei ya jina, na jina si lake.

Kipimo hiki cha maji kina mpaka wake. Kioo hutengenezwa kwa namna nyingi, na kingine huwa na uzito kama wa kwatzi. Ndiyo maana mzee ametangulia kututolea chupa. Na kinyume chake, pengine jiwe la chungwa mlilo nalo ni bora kuliko mnavyodhani. Mwaka 2007 huko Loliondo, kaskazini mwa nchi yetu, ziliokotwa ganeti za rangi ya chungwa kali ziitwazo spesatini. Hizo ni nzito zaidi: gramu 1 ingesoma kama 0.24. Na bonde la Umba, mkoa wa Tanga, katika miaka ya 1960, wachimbaji waliokuwa wakitafuta ganeti za zambarau walizitupa kando nyingine zenye rangi ya chungwa na waridi, kwa kuwa hazikufanana na zilizotakiwa. Wakazipa jina la kuvunja heshima, ambalo silitaji hapa watoto wasije wakawauliza maana yake. Leo ganeti zile hutafutwa duniani, na jina lile lile la matusi limeandikwa katika vitabu vya wataalamu.

MZEE: Nalijua jina hilo. Na Tunduru, tangu ule mkumbo wa miaka ya 1990, ganeti zimetoka nyingi, na yakuti za kila rangi. Mtu akiokota jiwe la chungwa huko asiliuze njiani kwa bei ya soda.

MWALIMU: Alipeleke penye mizani. Tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini mikoani, na udalali wa madini unataka leseni. Unayo haki ya kuomba kuiona. Arusha kiko Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha kazi ya vito.

Sasa turudi kwa mama. Ulipewa risiti?

MAMA: Ninayo. Sikuisoma siku ile. Niliikunja tu.

MWALIMU: Isome sasa, polepole.

MAMA: "Jiwe... moja... la... njano. Nusu... imelipwa." Na sahihi.

MWALIMU: Topazi imeandikwa wapi?

MAMA: Haimo.

MZEE: Mdomo ulisema, kalamu haikusema.

MWALIMU: Basi, mama, ungependa kufanya nini Jumamosi? Kito kina rangi nzuri, ni safi kwa macho, kina dirisha dogo, na si chupa. Kwa sitrini si kibaya.

MAMA: Binti amekwisha kukiona, amekipenda. Nitakirudisha mezani kwa kijana, nimwambie tupime wote wawili kwa maji, na shemeji akiwapo. Kisha tupatane upya. Kama magunia mawili yamezidi bei ya sitrini, anirudishie. Kama hataki, nitachukua fedha zangu na yeye kito chake.

MWALIMU: Na ukipatana naye, yako mambo mawili ya sonara. Mwambie achome kwanza dhahabu au fedha yake, kito akivike baadaye, pete ikiwa imepoa. Moto wa ghafla huipasua sitrini. Na nyumbani pete ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vumbi litoke kwanza, ndipo ifutwe.

MAMA: Nataka na risiti mpya. Safari hii nitaiandika mimi, yeye atie sahihi. Mwalimu, hilo jina linaandikwaje?

MWALIMU: Shika kalamu. Madarasa yote andikeni pamoja na mama. Si. Tri. Ni.

MAMA: Si... tri... Hapo ni t na r pamoja?

MWALIMU: Pamoja. Kisha i.

MAMA: Sitrini. Gramu moja. Rangi ya chungwa.